Jembe la Ufipa na Darasa la Mchepuo

Ndugu msomaji, ukijaliwa safari ya kwenda Sumbawanga, usisahau sweta. Barabara ya lami inayoanzia mpakani Tunduma hupanda taratibu, ikapita Laela na Mpui, na kabla hujatambua umekwisha kufika juu ya uwanda ulio zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, uwanda wa nyasi usio na miti mingi ya kukinga upepo. Mwezi wa Juni na wa Julai baridi ya huko huuma kweli kweli. Magharibi nchi huporomoka kuelekea Ziwa Tanganyika. Mashariki huporomoka tena kuelekea Ziwa Rukwa. Wenyeji watakueleza kwamba jina la mji wao maana yake ni "tupa uchawi", na wageni hupenda kukaa hapo hapo kwenye habari za uchawi, kana kwamba Wafipa hawana jambo jingine la kutazamwa. Leo nakuomba tuyapite hayo, twende shambani.

Mvua zinapokaribia kwisha utaona, katika vijiji vinavyoshika bado desturi ya zamani, matuta ya duara yamepangwa kama vichuguu vidogo. Kwa Kifipa huitwa intumba. Mkulima hukata ubapa wa nyasi pamoja na udongo wake, akaugeuza na kuulundika ili nyasi zioze ndani. Juu ya tuta hupanda maharage au kunde. Mvua za mwaka unaofuata zikianza, hulibomoa tuta, akausambaza ule udongo ulioiva, akamwaga ulezi. Mbolea imetoka pale pale shambani, haikununuliwa dukani wala haikubebwa kichwani. Ikiwa umepata kusikia habari za ngoro za Wamatengo kule Mbinga, basi jua kwamba hawa ni ndugu zao kwa akili ya kilimo.

Na jembe lenyewe lilitoka wapi? Lilitoka Ufipa. Katika baadhi ya vijiji pamesimama hadi leo mabaki ya matanuri marefu ya udongo, yaliyofikia kimo cha mita 3 hivi, ambayo wazee huyaita malungu. Tanuri hilo halikuwa na mivuo. Mafundi waliacha matundu kuzunguka shina lake, na urefu wake wenyewe ukavuta hewa, moto ukawaka usiku na mchana hata mawe yakatoa chuma. Kisha chuma hicho kilisafishwa katika tanuri dogo, na hapo ndipo mivuo ilipotumika, ndipo mhunzi akafua jembe. Fikiri, msomaji: mtu asiyejua kusoma alijua hesabu ya hewa na joto. Majembe ya kiwandani yaliyoletwa na biashara ya wakoloni yaliua soko lake, na ujuzi ule ukafa na waliokuwa nao, kwa kuwa vijana hawakuona tena sababu ya kujifunza.

Nayakumbuka malungu kila nisikiapo watu wakizungumza juu ya michepuo. Mwalimu Nyerere alitoa maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi 1967. Mwaka 1974 likafuata Azimio la Musoma. Na mwaka huo huo ndipo Mkoa wa Rukwa ulipozaliwa, Sumbawanga ikitolewa Mbeya na Mpanda ikitolewa Tabora. Katika miaka hiyo ya 1970 shule za sekondari zilipangiwa michepuo minne: kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Kijana alisoma historia na hesabu kama wenzake, lakini pia alijifunza kupima shamba, au kuunga mbao, au kutunza daftari la mapato, au kushona na kulea mtoto mchanga. Aliyetaka ufundi hasa kutoka nyanda hizi alitazama Iyunga, Mbeya, au mbali zaidi, Ifunda.

Lilikuwa wazo jema, nami siwezi kulisema vibaya. Lakini haifai kuficha kilichotokea. Katika shule niliyosoma, jembe lilikuwa somo asubuhi na adhabu jioni. Aliyechelewa mstarini alilima. Aliyezungumza darasani alilima. Mtoto aliyefundishwa hivyo atalipendaje? Tena mwalimu wetu wa kilimo, mtu mwema, alitufundisha mistari iliyonyooka na mbolea ya mfukoni, na hakuna siku aliyotutoa nje ya ua kwenda kumwuliza mzee wa jirani kwa nini tuta lake ni la duara. Tulikaa miaka minne juu ya ardhi yenye chuo chake, tukaondoka bila kugonga mlango.

Baadaye michepuo ilififia. Zana zilichakaa, karakana nyingine zikageuzwa madarasa ya kawaida, na wazazi wakaona kwamba ofisi ndiyo njia ya mtoto mwenye akili. Mafunzo ya ufundi yakapewa chombo chake, VETA, kwa sheria ya mwaka 1994, na sekondari nyingi zikabaki na chaki.

Sasa mambo yamerudi kwa jina jingine. Toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limefungua mkondo wa amali katika sekondari, na baadhi ya shule zilianza nao Januari 2024. Kwa hiyo wewe mzazi usomaye ukurasa huu huenda ukaulizwa hivi karibuni: mwanao aende mkondo gani? Nimewasikia baba na mama wakijibu, mtoto akiwa amesimama pale pale, kwamba amali ni ya walioshindwa. Neno hilo mtoto halisahau. Wasemao hivyo aghalabu hula mahindi na maharage ya Rukwa bila kuuliza yamelimwa na nani.

Ukiwa na nauli, mpeleke mwanao Ufipa wakati wa likizo kabla hamjajaza fomu. Mjini watakuonyesha Sekondari ya Kantalamba, iliyosomesha vijana wa pembe nyingi za nchi. Kisha tafuta mwenyeji awafikishe kwenye tanuri lililobakia. Mwache mtoto aingize mkono katika tundu la hewa. Na akikuuliza moto uliwakaje bila mivuo, usimjibu upesi. Mwulizeni mzee aliyewaleta, naye atakaa chini kwanza.