Stensili, Redio na Bahasha

Vijana walioingia chuoni baada ya 2020 wana imani moja ambayo ni kazi kuwabandua: kwamba elimu masafa ililetwa na korona. Lawama yao ni ndogo. Vyuo vilifungwa Machi mwaka ule, wahadhiri wakahangaika kutafuta namna ya kuwafundisha watu wasioonana nao, na tangu hapo warsha za uandaaji wa masomo ya medianuwai hufunguliwa kana kwamba kabla ya siku ile tulikuwa na ubao na chaki tu. Neno lenyewe, medianuwai, limechangia kupotosha, maana limezaliwa zama za kompyuta, na wengi hudhani kitu huzaliwa siku moja na jina lake. Lakini somo linalosikika redioni, likasomwa kwenye karatasi, likajadiliwa kikundini na kusahihishwa kwa posta ni medianuwai hata kama hakuna aliyewahi kuliita hivyo. Jambo hilo lilifanyika katika nchi zetu kwa miaka mingi, na kwa upande mmoja mkubwa lilifanywa vizuri kuliko linavyofanywa na vyuo vyetu vingi leo. Hiyo ndiyo hoja yangu. Najua inanuka uzee, kwa hiyo inahitaji ushahidi kuliko masikitiko.

Ukitaka mwaka wa kuanzia, utapewa mingi. Chuo cha Ushirika Moshi kilifunguliwa 1963, na mwaka uliofuata kikapata mwenzake, kituo cha elimu ya ushirika, kilichopeleka masomo vijijini kwa vitabu, kwa posta na kwa redio. Upande wa Kenya, kitengo cha masomo ya posta pale Kikuyu kilianza 1967, wakati Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa bado chuo kishiriki, ili kuwaendeleza walimu wa shule za msingi waliokuwa tayari kazini. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Tanzania ina umri wa namna mbili: ukihesabu tangu ilipokuwa tawi la Makerere utaanza 1960, ukihesabu tangu sheria iliyoifanya ijitegemee utaanza 1975, na elimu yake kwa njia ya posta iliingia katikati, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Anayependa jubilei achague mwaka wake. Mimi naona sababu ni muhimu kuliko mwaka, na sababu ilikuwa ileile kila mahali. Karani wa chama cha msingi cha kahawa hakuweza kuacha mizani msimu wa mavuno akakae bwenini Moshi, na mwalimu wa shule ya kijiji hakuwa na wa kumwachia darasa. Chuo kilimfuata mwanafunzi kwa kuwa mwanafunzi hakuweza kukifuata chuo.

Chombo cha kwanza kilikuwa karatasi, na karatasi ile ilikuwa na harufu yake. Somo liliandikwa kwa mkono, likapita kwa mhariri, likafika kwa mpiga chapa. Huyo aliuzima utepe wa wino kwenye taipureta ili herufi kavu ya chuma ipige moja kwa moja juu ya stensili, karatasi laini iliyopakwa nta, na kuikata. Aliyekuwa na vidole vizito alizikata herufi za o mpaka matumbo yake yakadondoka, na ukurasa ukatoka umejaa vidoa vyeusi kama punje za pilipili manga. Akikosea, alipaka dawa nyekundu ya kichupa, yenye harufu kama rangi ya kucha, akaipuliza ikauke, akapiga tena palepale. Michoro ilikwaruzwa kwa kalamu ya chuma juu ya stensili hiyohiyo, na mkono ukiteleza stensili ilichanika, ukurasa mzima ukaanza upya. Kisha ikaja zamu ya mashine ya kurudufu, Gestetner au nduguye, na wino wake mzito mweusi ulioingia chini ya kucha ukakaa humo mpaka Jumapili. Karatasi yake ilikuwa nene kidogo, yenye vinyweleo, inayonyonya wino badala ya kuuacha utambae. Mafuta, nta na ile dawa nyekundu vilichanganyika vikawa harufu moja, na harufu hiyo ilisafiri ndani ya bahasha. Aliyeifungua Sumbawanga au Tunduru baada ya majuma kadhaa alijua kwa pua, kabla ya macho, kwamba chuo kimefika.

Nimekaa kwenye harufu hiyo kwa makusudi. Taabu ya stensili ilikuwa mhariri asiyelipwa. Mtu anayejua kwamba kila kosa litamla nusu saa na kila ukurasa utazungushwa kwa mkono mara mamia, hataandika kurasa 40 mahali ambapo 12 zinatosha. Aliulizwa, na alijiuliza mwenyewe: sentensi hii inamsaidia nini mtu aliyeketi peke yake na kibatari, asiye na wa kumuuliza? Ndiyo maana masomo yale yalikuwa na desturi ya kumsemesha msomaji: soma hadi hapa, funga kitabu, jibu maswali haya, kisha fungua nyuma ujipime. Hayo hayakuwa mapambo ya uandishi. Yalikuwa njia ya kumweka mwalimu ndani ya karatasi kwa sababu mwalimu mwenyewe hakuwepo.

Chombo cha pili kilikuwa redio, nayo ilikuwa na umaskini wake. Kiwanda cha Matsushita kilikuwa Dar es Salaam tangu 1966, kikitengeneza redio na betri, lakini betri haikuwa kitu cha kuchezea. Nyumba nyingi ziliianika juani kwenye bati, pamoja na mihogo, ili impe mwenyewe nusu saa nyingine ya taarifa ya habari. Tena redio haina kurudi nyuma: neno likikupita limekupita. Mwandishi wa vipindi aliyeyajua hayo hakuthubutu kusoma somo lililokwisha kuchapwa. Fikiria somo la hesabu za chama cha msingi. Safu za mapato na matumizi huwezi kuzisikiliza, lazima uzione, kwa hiyo ni mali ya karatasi. Lakini ugomvi wa mkulima na katibu mbele ya mizani, mkulima akidai kilo zake na katibu akishindwa kuonyesha stakabadhi, huo ukiuandika unakuwa mkavu, ilhali ukiigizwa redioni kila msikilizaji anamtambua katibu wa kwao. Redio ilimpa mtu sababu ya kufungua kitabu, na kitabu kikampa kile ambacho redio isingeweza kukishika. Kidole kimoja hakivunji chawa, na watengenezaji wa masomo yale walilijua hilo si kwa hekima tu bali kwa kulazimishwa: hawakuwa na kidole kimoja chenye nguvu ya kutosha.

Chombo cha tatu, ambacho siku hizi hakihesabiwi kabisa kuwa chombo, kilikuwa kikundi. Kampeni za redio ndizo zilizokionyesha wazi. Wakati wa Furaha ya 1971 ilikuwa na wasikilizaji vikundini wapatao 20,000. Miaka miwili baadaye Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni 2, na viongozi wa vikundi 75,000 waliandaliwa. Kikao kilikuwa na mpango wake: watu wanasikiliza kipindi, anayejua kusoma anasoma kwa sauti, wanajadili, kisha wanaamua la kufanya. Mjadala uliokwisha bila uamuzi haukuhesabiwa kuwa umekwisha, na uamuzi ulionekana kwa jembe: choo kimechimbwa au hakijachimbwa. Kwa waliosoma kwa posta, kazi hiyo ilifanywa na bahasha ya kurudi. Zoezi lilitumwa, mtu halisi akalisoma, akaliandikia pembeni kwa wino mwekundu, likarudishwa. Njia ilikuwa ndefu, na bahasha nyingine zilichelewa mpaka mwanafunzi akasahau alichoulizwa. Hata hivyo njia ilikuwa ya pande mbili, na somo lilipangwa kwa kudhani kwamba mwanafunzi atajibu.

Hapa msomaji atanikumbusha walimu wa UPE, ule mpango wa Tanzania wa elimu ya msingi kwa wote, na ana haki. Baada ya Azimio la Musoma maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba waliingizwa madarasani, wakifundisha huku wakisoma ualimu kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi wa kuwatembelea. Mitaani wakaitwa Ualimu Pasipo Elimu, na mzaha huo umeishi kuliko mpango wenyewe. Lakini mzaha si kipimo. Utafiti wa Mählck na Temu, uliotolewa 1989 na taasisi ya UNESCO ya mipango ya elimu, uliwalinganisha walimu hao na wenzao waliosoma vyuoni, na haukukuta pengo kubwa la aina ambayo mzaha ule ungetufanya tulitarajie. Tena udhaifu uliokuwepo una maelezo yaliyo karibu zaidi kuliko redio na karatasi: umri wao, elimu yao ya awali, na haraka ya nchi nzima. Ukimpeleka kijana huyohuyo bwenini kwa haraka ileile, udhaifu wake ataingia nao na kutoka nao. Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba redio ilikuwa na mdomo mmoja, na kwamba mjadala wa kikundi mara nyingine ulikuwa amri iliyovikwa kanzu ya mjadala. Ni kweli, na sitaki siasa ile irudi. Ninachodai ni kidogo: kwamba ufundi wa kupanga somo unaweza kutenganishwa na aliyeutumia, kama vile ufundi wa kujenga daraja hautegemei nani alipita juu yake.

Yaliyofuata yanaweza kusemwa haraka, kwa sababu yalipita haraka. Vyama vya ushirika vilivunjwa vikarudishwa, fedha za wafadhili zikakauka, karatasi ikaadimika. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya 1992, kikapokea wanafunzi wa kwanza 1994, na mengi ya maarifa ya posta yakahamia kwenye vituo vyake vya mikoa. Zikaja kaseti, zikaja sidii, ikaja mifumo ya Moodle. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 vikagawiwa walimu. Kila mgeni alipokelewa kwa ngoma na kila mgeni alitangazwa kuwa mapinduzi. Na ukifungua leo ukurasa wa somo katika vyuo vingi, vya umma na vya binafsi, utakuta nini? Slaidi za mhadhara, zilezile zilizoandaliwa kwa ajili ya mtu atakayesimama mbele yake na kuzifafanua, sasa zimepakiwa bila huyo mtu. Pembeni yake kuna video ya saa mbili ya mhadhiri akizisoma. Vyombo viwili vinasema kitu kimoja, kimoja kwa maandishi na kingine kwa sauti, na hicho cha pili kinakula bando la mwanafunzi kuliko betri ilivyowahi kumla babu yake. Zoezi linajibiwa kwa kubonyeza a, b, c au d, na mashine inatoa alama bila neno pembeni.

Itasemwa kwamba nawaonea. Simu moja leo inabeba karatasi, redio, sinema na posta kwa pamoja. Video inarudishwa nyuma mara kumi. Asiyeona anasomewa maandishi. Na swali linafika kwa mhadhiri kwa sekunde badala ya majuma. Yote hayo ni kweli na hakuna mwenye akili atakayetamani kurudi kwenye stensili. Lakini uwezo huohuo ndio ulioondoa swali. Chombo kikiweza kufanya kila kitu, hakuna anayeuliza kifanye nini. Zamani mtunzi alilazimika kuamua kipi kisikike, kipi kionekane na kipi kijadiliwe, kwa sababu asipoamua somo halikwenda. Leo asipoamua, linapakiwa hivyohivyo na mfumo unaandika kwamba limekamilika. Ushahidi kwamba haja ya uamuzi huo haijafa unatoka kwa wanafunzi wenyewe. Wanaunda makundi ya WhatsApp ambayo chuo hakikuyaagiza. Mmoja anapiga picha ukurasa uliomshinda, mwingine anautolea maelezo kwa sauti ya dakika mbili, wa tatu anauliza, na mabishano yanaendelea mpaka mtu apate. Sauti fupi, karatasi, kikundi, jibu: ni kikao kilekile cha 1973, kimefufuliwa na watu ambao hawajawahi kukisikia, kwa sababu waliopewa kazi ya kuwapangia hawakuwapangia.

Kwa hiyo chuo kinachotaka kuandaa masomo ya medianuwai kisianze na orodha ya kamera na vinasa sauti. Kianze na mtu mmoja wa kweli: muuguzi wa zahanati ya mbali, au karani wa chama cha msingi, mwenye simu moja, bando la wiki na saa moja usiku. Kipi akisome, kipi akisikie akiwa njiani, kipi akibishanie na wenzake, na nani atasoma alichoandika? Swali hilo la mwisho ndilo ghali, kwa sababu jibu lake ni mshahara wa mtu na si bei ya kifaa, na nashuku ndiyo maana hurukwa kwenye bajeti. Waliopinda mgongo juu ya mashine ya kurudufu hawakuwa na nusu ya vifaa vyetu, lakini katika hesabu zao, pamoja na wino na stempu, mlikuwa na fungu la msahihishaji.