Usiku wa Moto Stesheni ya York

Vijana wakinijia kuniuliza habari za vita, hutaka kusikia juu ya ndege za Wajerumani. Ndege sikuziona. Nilikuwa mchukuzi wa mizigo katika stesheni ya York, kaskazini mwa Uingereza, kazi tuliyopewa sisi wanawake baada ya wanaume wengi kwenda jeshini. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 1942, macho yangu yalikuwa kwenye paa.

Paa la York ni la chuma na vioo, limepinda kufuata mkunjo wa reli. Wakati wa amani wageni walisimama kulitazama. Vita ilipokuja, kila aliyefanya kazi chini yake alijua kwamba si lazima bomu limwangukie, vioo vingetosha.

Tangu Septemba 1939 tulikuwa tukifanya kazi gizani. Taa za mabehewa zilikuwa za buluu, hafifu, na kingo za majukwaa zilipakwa rangi nyeupe ili abiria wasitumbukie relini. Madereva walitanda turubai nyuma ya vyumba vyao ili mwanga wa tanuri usionekane angani, wakawa wanaungua kwa joto humo ndani. Mwaka 1940, nchi ilipohofia kuvamiwa, mabango ya majina ya stesheni yaling'olewa. Basi treni ikiingia, sisi wachukuzi tulitembea kando yake tukipaza sauti: York! York! Kazi hiyo niliipenda kuliko zote. Mama mwenye watoto, hajui amefika wapi, anakusikia gizani, anafungua mlango.

Tulifunzwa pia kuzima mabomu ya moto. Bomu lenyewe ni dogo, uzito wake kama kilo moja, ila hushuka kwa mamia. Mmoja anapiga pampu, mwingine analala kifudifudi ameshika mpira wa maji, wa tatu anakimbia na ndoo. Tulirudia zoezi hilo mpaka mikono ikalizoea.

Machi mwaka huo ndege za Uingereza zilikuwa zimeuteketeza mji wa Lübeck, na Hitler akataka kulipiza kwa miji yetu ya kale. Exeter ilitangulia, kisha Bath, kisha Norwich. Usiku uliofuata Norwich ulikuwa wetu.

Treni ya usiku ya kutoka London kwenda Edinburgh ilikuwa jukwaani, imejaa watu, wengi wao askari. Paa likashika moto na vioo vikaanza kumwagika. Abiria tuliwatoa kwanza, tukiwasukuma waliokuwa bado wanatafuta mabegi. Kisha wenzetu wakaingia kati ya mabehewa, wakafungua viungo, wakayatenga yanayowaka na yaliyo mazima, na mazima yakavutwa mpaka nje. Hebu fikiria: mtu ameinama kati ya behewa na behewa, paa linawaka juu ya kichwa chake, naye anafanya kazi ileile aliyoifanya jana mchana. Bila watu waliojua reli kwa mikono yao, treni ile yote ingekuwa majivu.

William Milner, msimamizi wetu, aliingia katika jengo lililokuwa likiwaka kuchukua dawa na bandeji za majeruhi. Hakutoka. Walipompata, sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa bado mkononi mwake. Mimi nilikuwa upande wa pili wa stesheni, na habari hizo nilizipata kulipokucha, nikiwa na ufagio katikati ya vioo.

Mjini, ukumbi wa Guildhall na kanisa la St Martin mtaa wa Coney vilikuwa vimeungua, na watu zaidi ya 70 walikufa. Kwenye karakana ya kaskazini, kichwa cha treni kilichoitwa Sir Ralph Wedgwood kilipigwa kikaharibika kabisa.

Karakana hiyo sasa ni jumba la makumbusho ya reli ya taifa, tangu 1975. Wapenzi wa reli huja na daftari, wanakijua kichwa kile kwa jina na kwa namba, na wengi hawajapata kumsikia Milner. Jambo hilo linaniuma, nami sinyamazi. Stesheni kuna kibao chenye jina lake. Wajukuu wangu wakija na marafiki zao, hapo ndipo tunapoanzia. Makumbusho baadaye, muda ukitosha.