Usiku Mmoja katika Vilima vya Shela

Anayevitazama vilima vya mchanga vya Shela kutoka jahazini hudhani ni jangwa. Haoni nyumba wala mnazi. Ni mchanga mweupe tu, vichaka, na ufuo wa kilomita 12 hivi unaoelekea upande wa Kipungani. Mgeni hupiga picha akaondoka. Sisi watu wa mji wa Lamu tumekunywa kutoka humo miaka yote, kwani visima vinavyotunywesha vimechimbwa nyuma ya vilima hivyo.

Tulikwenda kulala huko dada wawili pamoja na kaka yetu. Kulala nyikani peke yake hatukulelewa nako, na hata mwanamume huaswa asisafiri usiku bila mwenziwe. Tulichagua siku ya saba ya mwezi wa Kiislamu, wakati wa maji mafu, bahari ikipwa alasiri. Tulibeba mikate ya mofa, tende, na madumu ya maji yaliyotuelemea kuliko vyote.

Maji hayo yalikuwa ya kunywa na ya udhu. Wengi hudhani penye mchanga tayamamu ni rahisi, lakini katika madhehebu yetu ya Shafi sharti udongo uwe na vumbi, na mchanga wa Shela umeoshwa na upepo ukatakata. Isha tuliisali juu ya kilima, kibla kaskazini, bahari mgongoni. Mwezi ulipotua kati ya usiku, nyota zilijaa mpaka mdogo wetu akanyamaza, jambo ambalo ni nadra.

Chini ya mkeka wetu mlikuwa na maji. Mvua inyeshapo, mchanga huimeza mara moja, jua lisiwahi kuikausha. Maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Mchanga ukichotwa kwa ujenzi, au visima vikivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Na mashimo ya vyoo yakichimbwa juu yake, uchafu hushuka. Karibu na Shela tulikuwa tumepita kuta mpya palipokuwa na mchanga mtupu.

Mchanga huu umehifadhi mengine pia. Yapata mwaka 1812 Wapate na Wamazrui wa Mombasa waliteremka hapa kuishambulia Lamu, wakashindwa, na walipokimbilia vyombo vyao wakavikuta vimekwama, maji yameshatoka. Wazee husimulia kwamba kwa miaka mingi upepo ulikuwa ukifukua mifupa yao. Kaka yetu alichagua kutusimulia hayo usiku, si mchana.

Baada ya alfajiri tuliendelea, tukafika Kipungani jua limepanda na madumu yakiwa matupu. Bibi mmoja alitutekea maji ya kisimani kwa kata. Tukamuuliza kama ni matamu.

“Yana chumvi kidogo siku hizi,” akasema. “Kunyweni tu, wanangu.”