Deni la Dada, Deni la Mwanawe

Mwaka 2006, kama ungetaka kujua ni nani Nairobi ameaminiwa na benki, ungesimama tu kwenye foleni ya duka kubwa la Nakumatt pale Junction, Ngong Road, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wengi wetu tulihesabu noti. Wachache walitoa kadi za mkopo, wakatia sahihi kwenye kijikaratasi, wakaondoka na toroli iliyojaa pomoni. Miaka ya tisini kadi hizo zilikuwa za wakurugenzi na wageni wa mahoteli. Keshia aliilaza kadi kwenye kimashine cha chuma, akaifunika kwa karatasi ya kaboni, kisha akasukuma mpini mbele na nyuma hadi nambari zikachapika. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 mabenki yalikuwa yanakopesha watu wa mshahara bila dhamana, na vijana wenye tai walizunguka ofisi za katikati ya jiji na fomu mkononi. Walichotaka ni hati za mshahara za miezi michache na nakala ya kitambulisho.

Dada yangu alipata yake hivyo. Alikuwa akiuza safari za watalii katika kampuni moja karibu na Muindi Mbingu Street, na alikuwa amepanga nyumba ya vyumba viwili Kileleshwa, yeye na mwanawe wa miaka minane. Sisi wengine tulibaki Kangemi. Sikumbuki mtu hata mmoja nyumbani aliyeuliza habari ya riba. Swali letu lilikuwa: wamekupa ngapi? Walimpa laki mbili, na mama akawasimulia wenzake wa chama kana kwamba binti yake amepandishwa cheo. Naikumbuka furaha ile kwa uchungu kwa sababu ilikuwa ya kweli. Deni tulilolijua sisi ni la daftari la duka: maziwa, unga, mafuta ya taa, na mwisho wa mwezi mama analipa, au anamwendea mwenye duka na kumwambia mwezi huu sina. Kwamba benki nzima pale mjini imemfungulia mmoja wetu ukurasa wake, tuliiona ni heshima kwa ukoo mzima.

Desemba 2007 tukapiga kura, na vurugu zilizofuata kila Mkenya anazijua. Watalii walikatiza likizo zao wakapanda ndege, na waliokuwa wamelipia safari za miezi ya mbele wakadai pesa zao. Kabla ya Pasaka kampuni ya dada ilikuwa imefunga. Kwenye kadi kulikuwa na deni la shilingi 180,000: karo, friji, na chakula cha miezi ile ambayo mshahara ulikuwa umeanza kuchelewa.

Ni lazima nieleze jinsi kadi ile ilivyokula, kwa maana hapo ndipo watu wengi wazuri walipopotelea. Riba ilikuwa asilimia 3.5, lakini kwa mwezi. Malipo ya chini yaliyoruhusiwa yalikuwa asilimia 5 ya deni. Kwa hiyo katika deni la 180,000 dada alitakiwa kupeleka 9,000, na katika hizo 6,300 zilikuwa riba. Deni lenyewe lilipungua kwa 2,700. Mwezi ambao hakupeleka kitu liliongezeka kwa zile 6,300, na faini ya kuchelewa juu yake. Alilipa kima hicho cha chini miezi kadhaa, kwa pesa za chama na kwa pesa za friji aliyoiuza bila kurudisha hata nusu ya bei yake, akiamini kwamba anapunguza. Kisha pesa zikaisha, simu zikaanza. "Madam, unalipa lini? Madam, uliahidi Ijumaa." Akawa anazima simu mchana na kuiwasha usiku.

Alipohamia kwetu Kangemi alimwambia mama kwamba Kileleshwa ni ghali kwa mtu anayetafuta kazi. Hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa lote. Karibu mwaka mzima tuliishi naye nyumba moja bila kujua, na kila mwezi wa kimya ile riba ilikuwa inafanya kazi yake. Nikiulizwa leo ni nini kilichomgharimu zaidi, nitasema aibu. Tulimlea mtu kwa namna ambayo angeweza kutuambia ameugua, ameibiwa, hata ameachwa, lakini hangeweza kutuambia anadaiwa.

Siku aliponiambia, mwaka 2009, deni lilikuwa limefika 230,000. Nilimsindikiza benki. Ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo moja la katikati ya jiji, na tulipokelewa na mama wa makamo aliyefungua faili la karatasi, akalisoma lote mbele yetu bila haraka. Akamuuliza dada anafanya nini siku hizi. Dada akasema anauza mitumba, anachukua Gikomba na kuuzia stejini Kangemi. Afisa akamwambia, "Usiniambie unachotamani kulipa, mama. Niambie utakachoweza hata mwezi mbaya." Dada akataja elfu tano. Yule afisa akatoka, akakaa kitambo kwa mkubwa wake, akarudi na barua: riba imesimamishwa, elfu tano kila mwezi mpaka deni liishe. Akaomba kadi, akaikata kwa mkasi vipande vinne, akavitia kwenye bahasha na kuandika jina la dada juu yake. Dada alimaliza kulipa mwaka 2013.

Baadaye sana ndipo nilipopata kujua kwamba tulikuwa na sheria mkononi. Tangu Mei 2007, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipwi, riba inayoweza kuongezwa haiwezi kuzidi kiasi cha deni kilichokuwapo siku hiyo. Deni la laki mbili linaweza kufika laki nne, na gharama za kulidai, lakini likome hapo. Aliyeajiriwa naye ana kinga yake: Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato kumeza zaidi ya theluthi mbili za mshahara. Na Sheria ya Ufilisi ya 2015 ina njia ya mtu asiye na mali, mwenye deni kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, kuomba afueni bila kutangazwa muflisi. Ni nani aliyewahi kusimama soko la Kangemi au Kawangware akayasema haya kwa sauti? Vijana wenye tai walifika kila ofisi kutoa kadi, na hakuna aliyerudi kueleza jinsi ya kutoka.

Wala sisemi zamani kulikuwa na huruma tu. Wapo majirani waliopokea madalali, vitu vya sebuleni vikaandikwa kimoja kimoja, kisha baada ya siku saba pikapu ikaja mchana kweupe. Wapo waliotishiwa jela ya madai, ambayo inaweza kufika miezi sita, na mtu akitishiwa hivyo halali. Hata hivyo aliyewadai alikuwa na mlango, na nyuma ya mlango mtu mwenye mamlaka ya kukubali.

Mtoto yule wa Kileleshwa alikua, akapata kazi ya mkahawa Westlands. Machi 2020 corona ikafunga mikahawa, naye akarudi Kangemi na simu tu. Asubuhi moja nilipigiwa na nambari nisiyoijua. "Mjomba, habari ya asubuhi?" Sauti ya kijana, changamfu kabisa. Nikadhani ni mmoja wa watoto wa ukoo. "Mjomba, huyu mpwa wako ametukosea heshima. Mwambie alipe leo, ama tutapigia na mamake kanisani." Ndivyo nilivyoandikwa kwenye simu ya mpwa wangu: Mjomba. Alipopakua programu ya mkopo aliiruhusu isome majina yote, na sasa mtu ambaye hajawahi kuniona alikuwa ananiita kwa jina ambalo watoto wa dada zangu peke yao ndio huniita. Siku ile nilikasirika kuliko siku yoyote ya lile deni la kwanza.

Mpwa wangu alikuwa anadaiwa elfu 41 na programu saba. Alianza na elfu tatu, akakopa ya pili kulipa ya kwanza, ya tatu kulipa ya pili. Elfu 41 si kitu mbele ya kadi ya mamake, ila mkopo wa siku thelathini hauna mwezi wa kupumua. Na kuna Fuliza, mkopo wa M-Pesa ulioanza Januari 2019, ambao hukata deni lake mara pesa yoyote inapoingia kwenye M-Pesa, hata ikiwa ni nauli uliyotumiwa.

Sheria ilikuja ikikimbia nyuma. Aprili 2020 Benki Kuu iliwanyima wakopeshaji wasiosimamiwa ruhusa ya kupeleka majina CRB, kwenye rekodi za wakopaji wasiolipa, na ikazuia mtu kuorodheshwa kwa deni lisilofika shilingi elfu moja. Kanuni za Machi 2022 zikapiga marufuku vitisho, matusi na kupigia watu walio kwenye simu ya mdaiwa. Septemba 2023 Kamishna wa Data akaitoza Mulla Pride, wenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu kuwasumbua. Nilipoisoma habari hiyo nilimtumia dada papo hapo.

Yeye hakungoja kanuni. Jioni ya simu ile alimketisha mwanawe mezani, akachukua kalamu, wakaandika madeni yote saba kwa mpangilio: ulichopewa, ulicholipa, wanachodai. Hakumfokea. Alimwambia, "Mimi nilikaa mwaka mzima kimya nyumba hii hii. Wewe hutakaa." Kesho yake wakatuma barua pepe kwa wote saba, kila moja ikitaja kiasi anachoweza kwa mwezi na kuomba jina la mtu wa kuzungumza naye. Wakaenda pia Kilimani, kwenye anwani ya mmoja wao, na mlinzi akawaambia ofisi ilihama. Watatu walijibu, wakasimamisha faini, wakakubali kulipwa kidogo kidogo, na hao wamelipwa. Wawili wakaendelea kutuma ujumbe ule ule usio na jina la mtumaji, hadi programu zao zikatoweka. Wawili waliobaki bado wanadai, na dada bado anawaandikia, nakala moja kwao na nyingine Benki Kuu.