Jirani Anapofiwa



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili mama mmoja wa jumuiya alinijia baada ya Misa ya asubuhi akiwa na swali zito. Yeye ni mpishi wa miaka mingi katika mgahawa mmoja wa Kihindi hapa Iringa. Mke wa mwenye mgahawa alikuwa amefariki dunia usiku ule. Mama akaniuliza: “Padre, je, Mkatoliki anaruhusiwa kwenda kwenye msiba wa Wahindu, penye sanamu na ubani, na mahali ambapo marehemu hazikwi bali huchomwa moto?” Kwa kuwa wengi wenu mmekula katika mgahawa ule, kama nilavyo mimi kila nisafiripo kutoka Mbeya nikiwa nimechoka na njia, naona ni vema jibu langu liwafikie wote.

Kwanza tukitazame chakula chenyewe. Anayeagiza wali kwa dengu, sambusa mbili, achari ya embe na kikombe cha chai ya maziwa hudhani amekula chakula cha ugenini. Lakini mchele ni wa Usangu au Kyela, nyanya ni za Ilula, viazi ni vya Njombe, na majani ya chai ni ya Mufindi. Pilipili nayo, ambayo twaihesabu kuwa ya Kihindi, asili yake ni bara la Amerika. Wareno ndio walioifikisha India katika karne ya 16. Hata maneno tunayoyatumia kila siku, yaani chapati, bajia, gari, bima na laki, yametujia kutoka lugha za Bara Hindi. Katika sahani moja, basi, mkulima wa Usangu na mfanyabiashara wa ng’ambo wamekwisha kukutana kabla sisi hatujaketi.

Vivyo hivyo miji yetu. Iringa ilianza mwaka 1896 kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani, wakati Mtwa Mkwawa angali akipigana. Mbeya ilikua tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa. Katika miji yote miwili Wahindi walifika mapema, wakafungua maduka ya nguo, chumvi na mafuta ya taa. Baadaye likaja pigo. Mwezi Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mwaka uliofuata Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 tu za kuondoka nchini mwake. Familia nyingi za Kihindi za hapa kwetu nazo zilihamia Uingereza na Kanada. Mzee wetu huyu alibaki. Amezaliwa hapa, husalimia wateja kwa “Kamwene”, na hajui nyumbani kwingine.

Tena tusilichanganye kabila na dini. Tusemapo “Wahindi” tunawataja Wahindu, Waislamu wa Ismailia, wa Bohora na wa Ithnaasheri, Singasinga, na hata Wakatoliki wenzetu kutoka Goa. Mapokeo yanasema kwamba Mtume Tomaso alifika India mwaka 52. Mtakatifu Fransisko Ksaveri, ambaye masalia yake yapo Goa, alipita Malindi mwaka 1542 akiwa safarini kwenda huko. Huko India Injili ilihubiriwa karne nyingi kabla ya kupanda milima hii yetu.

Sasa nilijibu swali. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, hakuwakataza waamini kuitikia mwaliko wa mtu asiyeamini. Aliwaruhusu kula walichoandaliwa bila kuhojihoji, mradi wasiikwaze dhamiri ya mwingine. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 kuhusu dini zisizo za Kikristo, uliutaja Uhindu kwa jina, na ukafundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini hizo. Kuhusu kuchoma maiti, Kanisa lenyewe limewaruhusu waamini wake tangu mwaka 1963, ingawa linapendelea maziko, na ilimradi sababu isiwe kupinga imani yetu. Kwa hiyo nilimwambia mama yule: nenda. Usitoe sadaka mbele ya sanamu, wala usijifanye kusali sala isiyo yako. Simama kwa heshima, toa pole, na moyoni mwako umwombee marehemu kwa Mungu wetu.

Nafahamu kwamba si wote waliofurahia jibu hilo. Katika jumuiya mmoja alisema: “Tumekula kwao kwa fedha zetu, ni nani kati yetu aliyewahi kukaribishwa sebuleni kwao?” Ndugu zangu, neno hilo lina uchungu, nalo si uongo. Yapo majengo mjini ambamo Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma tu, na wapo watumishi waliopunjwa ujira wao. Siwaombi msahau. Lakini nauliza: ni Wahindi wangapi waliokaribishwa sebuleni kwetu? Ukuta una pande mbili, na kila upande humngoja mwenzake aanze kuubomoa. Msiba hauna subira ya kungoja.

Jambo moja ambalo wengi hatukulijua tulielezwa na mpishi. Kwa desturi ya Wahindu, jiko la wafiwa haliwashwi mpaka marehemu amekwisha kuchomwa. Majirani ndio wanaoleta chakula. Ndugu wengi wa mzee huyu wako ng’ambo. Basi akina mama saba wa jumuiya walipika wali, maharage na mchicha, bila nyama wala mayai, kwa sababu nyumba ile haili vitu hivyo. Wakavipeleka katika vyombo vyao wenyewe. Nami nilikwenda pamoja nao. Tuliketi mkekani pamoja na wafiwa waliovaa nguo nyeupe. Mzee hakusema mengi. Alinawa, akala.

Wapendwa, wali ule haukufuta miaka ya 1971 wala machungu ya watumishi. Hata hivyo, naamini kwamba hatuwezi kuzungumza juu ya haki na mtu ambaye hatujaweza kulia naye. Juma hili nawaomba tendo dogo. Ukiingia katika mgahawa wowote, uliza jina la aliyekupikia na la mwenye nyumba, nawe uwatajie lako. Na ninyi mlio waajiri, wa rangi yoyote, wapeni wapishi wenu ujira kwa wakati, na nafasi ya kusali siku ya ibada yao.

Nawatakia Dominika njema.

Padre wenu