Kontena Lisilopita Bandarini

Ndugu zangu waandishi, sisi wa Tanga tukisikia kontena akili hukimbilia bandarini. Hili langu halipandi meli. Ni la Docker, iliyotoka mwaka 2013: programu na kila inachohitaji hufungwa pamoja, kwa hiyo tovuti ya hadithi zetu niliyoiunda Ngamiani inafanya kazi vilevile kwenye kompyuta ya mwenzangu kule Pangani. Bando linaliwa siku ya kupakua. Baada ya hapo, mtandao ukatike usikatike, tunaendelea. Ila jamani, ukilifuta kontena, maandishi yaliyohifadhiwa ndani yake tu yamekwenda na maji. Mswada wa riwaya yangu ni mmoja. Nauweka nje ya kontena, kwenye diski. Mchapishaji asipotupokea, tutasomwa hivyohivyo.