Shilingi Tano za Mlangoni

Lodwar, Ijumaa 22 Juni 2018

Joto halikushuka usiku kucha. Nimelala sakafuni, mlango wazi, kitenge nimekilowesha maji nikajifunika. Kumi na mbili asubuhi simu ikalia: ndugu yangu, Kakuma. Simu ya saa hiyo kwetu huwa ni ya msiba, basi nikaanza kumuuliza ni nani kabla hata hajasalimu.

"Hakuna aliyekufa, dada. Lopez ameshinda."

Lopez gani? Ilibidi anikumbushe. Lopez Lomong, yule mvulana wa kambini aliyeenda Marekani mwaka 2001. Jana usiku kwa saa zao, mjini Des Moines, amekuwa bingwa wa Marekani wa mita 10,000: dakika 28 na sekunde 58.38. Miongoni mwa aliowaacha nyuma yumo Shadrack Kipchirchir, mzaliwa wa Eldoret ambaye naye huvaa jezi ya Marekani. Kwa hiyo huku na huku waliofukuzana ni watu wa bonde letu hili.

Nimwambie ukweli daftari: nilidhani huyu alishamaliza zamani. Agosti 8, 2008 alibeba bendera ya Marekani Beijing, mwaka mmoja tu baada ya kupewa uraia, na sisi tukapiga kelele Kakuma nzima. 2012 London akawa wa kumi fainali ya mita 5,000. Baada ya hapo, kimya. Rio 2016 hakufika, na mwaka huo sisi tulikuwa na watano wetu wa timu ya wakimbizi, Rose Nathike Lokonyen na wenzake, waliochaguliwa kule kule kambini. Nani angemkumbuka mzee? Ana miaka 33.

Ndugu yangu hakumsahau. Anasema boda boda wote wa stendi wanazungumza hilo tu. Ninajua anatia chumvi, lakini nimecheka peke yangu nikipika chai.

Kakuma, Jumapili 24 Juni 2018

Nimekuja na Probox, watu tisa na mbuzi mmoja. Barabara bado ni ile ile. Tumefika tumekuwa rangi moja.

Mama ameshaanza hadithi yake. Kila Lopez anapotajwa hadithi hutoka: kwamba ni kwetu alipotazama Olimpiki ya Sydney. Lomong mwenyewe ameshaeleza mara nyingi: mwaka 2000 wavulana wa kambi walitembea hadi nyumba ya tajiri mmoja mwenye televisheni ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyotumia betri ya gari, wakatoa shilingi tano kila mmoja. Humo akamwona Michael Johnson akishinda mita 400 kisha akilia jukwaani. Hapo ndipo alipoamua kuwa mkimbiaji.

Nasi tulikuwa na televisheni kama hiyo. Apa, baba yetu, aliuza mbuzi kuinunua, na betri aliitoa kwenye lori lililokufa. Mimi ndiye niliyekaa mlangoni na mkebe wa Kimbo. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, na kazi ilikuwa moja: shilingi tano, pita, huna, ondoka. Wasio na shilingi walileta kikombe cha mahindi ya mgao, na Apa alikipima kwa mkono kuona kama kimejaa. Hakuwa mtu wa kusamehe.

"Alikaa pale karibu na mtungi," mama anasema. "Mwembamba, macho makubwa."

"Mama, wote walikuwa wembamba."

"Huyu nilimwona."

Sikubishana. Lakini yeye Lopez anasema walitembea maili tano, yaani kilomita nane. Kutoka kambini hadi kwetu mtoto anafika kabla jasho halijamtoka. Halafu hatukuwa matajiri, ingawa ukiwa mlangoni umeshika mkebe wa Kimbo unaonekana tajiri.

Nimejaribu kukumbuka nyuso. Ninachokumbuka ni viganja. Sarafu zilikuwa na joto kwa kushikwa njia nzima.

Kakuma, Jumatatu 25 Juni 2018

Kabla sijaondoka. Nimewaza usiku kuhusu Johnson. Siku ile ya Septemba 25, 2000 alikuwa na miaka 33 na siku kumi na mbili. Hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kuchukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 400 akiwa na umri huo. Na Lomong amechukua taji lake la kwanza la mita 10,000 akiwa na 33. Wale watoto waliolipa walikuja kumtazama mzee, na hakuna aliyewaambia.

Ingawa hiyo 33 ya Lomong ni ya karatasi. Tarehe yake ya kuzaliwa ni Januari 1, 1985. Ukiuliza kambini nusu ya watu watakwambia wamezaliwa Januari mosi. Ndiyo siku anayopewa asiye na siku. Lomong alitekwa akiwa kanisani, kijiji cha Kimotong, Sudan Kusini ya leo, akiwa na miaka sita hivi. Akatoroka na vijana watatu, wakakimbia siku tatu hadi wakavuka mpaka wa Kenya. Nani angebeba cheti?

Lodwar, Jumatatu 29 Julai 2019

Mzee Lopez amerudia. Alhamisi mita 10,000, jana mita 5,000, mataji yote mawili ya Marekani, siku tatu kati yake. Nimewaambia darasa la saba. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, huyo ni Mturkana?" Nikamwambia ni Mbuya, watu wa ng'ambo ya mpaka. Akasema, "Lakini anaitwa Lomong."

Ana haki. Emong' kwetu ni maksai, yule anayefungwa kengele na kutungiwa nyimbo, na jina hilo hata katika darasa langu lipo. Utotoni aliitwa Lopepe, yaani mwenye mbio. Lopez imetoka humo. Nusu ya mashabiki wake huku wanamshangilia wakiamini ni mtoto wa Lokichoggio. Sijioni nikiwasahihisha.

Nikawaambia pia kwamba insha iliyompeleka Marekani aliiandika kwa Kiswahili, wenzake wakamtafsiria kwa Kiingereza. Siku nzima wameandika kwa bidii. Tuone itadumu mpaka lini.

Kakuma, Jumapili 6 Oktoba 2019

Usiku sana. Naandika kwa mwanga wa simu, stima imekatika.

Mbio za Doha zilikuwa saa mbili usiku, saa yao ndiyo yetu. Tumezitazama kwenye hoteli ya Muhabeshi, Kakuma 1. Aliweka skrini juu ya friji na kutangaza kwamba asiyenunua chochote hatazami, nikamkumbuka Apa. Mimi nilichukua chai, ndugu yangu soda mbili ili aonekane mtu.

Kulikuwa na kambi nne ndani ya hoteli moja. Boda boda wa mjini walikuwa wa Rhonex Kipruto na Rodgers Kwemoi, Kenya damu. Vijana waliowahi kuishi Uganda walikuwa wa Joshua Cheptegei. Muhabeshi alikuwa wa Yomif Kejelcha, peke yake nyuma ya kaunta, na ndiye aliyeshika rimoti. Wengine wote, Wasudani Kusini, Wakongo, na wanawake wetu wa Kiturkana wauza makaa waliokuja kupumzika, walikuwa wa mzee.

Ndugu yangu alijigawa. Nilimwambia achague. "Dada, Kipruto atanilisha nini?" akasema, kisha dakika kumi baadaye nikamsikia akipiga kelele za Kipruto.

Nilikaa kando ya fundi cherehani mmoja, mzee wa Kapoeta, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Alikuwa amechomeka pini kwenye ukosi wa shati, upande wa kushoto. Kila mzunguko ulipoisha alichomoa moja akaihamishia kulia. Nikamuuliza ni nini.

"Ishirini na tano, Mwalimu. Yule kijana hajui kuhesabu."

Alikuwa anakumbuka Stanford, Aprili 2012. Lomong alifyatuka kwa nguvu zote mita 5,000, akavuka mstari akisimama, kumbe bado mzunguko mmoja. Akashtuka, akaanza upya, na bado akashinda: 13:11.63. Fundi anaisimulia kama mtu aliyekuwapo. Wengine wanaicheka, yeye haicheki. "Niliumwa tumbo siku ile," akasema.

Pini zilipofika kumi na tano kulia, Kipruto alikuwa amekaza mwendo na kundi linakatika. Lomong alikuwa nyuma yao, kichwa kimesimama. Hoteli ikapoa. Mtu akasema, "Ameachwa." Fundi hakusema, vidole vilikuwa kwenye pini. Mbele walibaki Cheptegei na Kejelcha, Muhabeshi akapanda juu ya kreti la soda, na vijana wa Uganda wakapiga meza mpaka chai yangu ikamwagika. Cheptegei 26:48.36. Kejelcha wa pili, Kipruto wa tatu, Kwemoi wa nne. Kamera ikawafuata hao, bendera mgongoni, kama kawaida.

Sisi tukangoja. Hoteli nzima ya watu inangoja mtu wa saba. Jina lilipotokea chini ya skrini, 27:04.72, kijana mmoja kinyozi wa Kikongo aliyeshika simu akasoma kwa sauti kwamba hajawahi kukimbia haraka hivyo maishani. Ndipo kelele ikaanza. Kipruto mwenyewe hakupata kelele ile, na Kipruto ana medali.

Nimejiuliza kwa nini, njia nzima kurudi kwa mama kwa miguu, tukivuka laga ya Tarach kavu. Siku ya bendera ya Beijing tulishangilia kwa sababu dunia nzima ilikuwa inamtazama. Leo hakuna aliyekuwa anamtazama ila sisi. Ana miaka 34, mbio hizi za mita 10,000 ameziingia akiwa ameshapita thelathini, na kambini kuna watu waliofika naye miaka ile ambao bado wanangoja jina lao libandikwe ubaoni kwa safari ya nje. Fundi ni mmoja wao. Alipoondoka nilimwona akirudisha pini zote ishirini na tano upande wa kushoto, moja moja.

Lodwar, Jumamosi 12 Oktoba 2019

Leo Lodwar yote imesimama kwa Kipchoge. Vienna, marathoni kwa 1:59:40. Duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi lilitoa televisheni nje, na askari wa trafiki akaacha magari yajipange yenyewe. Nimelia, sikatai.

Jioni nikapiga hesabu. Kipchoge amezaliwa Novemba 5, 1984. Kwa karatasi, yeye na Lomong hawapishani hata miezi miwili. Nimemtumia ndugu yangu. Amejibu: "Karatasi ya Kipchoge ni ya kweli."

Lodwar, Jumamosi 11 Julai 2020

Shule zimefungwa tangu Machi, kambi hakuna kuingia wala kutoka. Mama nampigia simu tu.

Jana huko Portland, bila watazamaji, Lomong amekimbia mita 5,000 kwa 12:58.78. Miaka 35, na mara ya kwanza chini ya dakika 13. Mbele yake alikuwa Mohammed Ahmed wa Kanada, mzaliwa wa Mogadishu, 12:47.20. Nimempigia fundi. Mtandao mbaya, ilibidi nirudie sekunde mara tatu. Akauliza, "Alihesabu vizuri?" Nikasema alihesabu. Akasema basi vizuri, na simu ikakatika.

Kakuma, Alhamisi 6 Juni 2024

Jana imetangazwa kwamba Rhonex Kipruto amefungiwa miaka sita kwa makosa ya dawa, na matokeo yake tangu Septemba 2018 yamefutwa, pamoja na shaba ya Doha. Boda boda wamenuna. Ndugu yangu anadai yeye usiku ule alikuwa wa Lopez tangu mwanzo. Waliokuwa nyuma ya Kipruto wamepanda, na mzee kati yao, akiwa ameketi kwake. Nilitamani kumwambia fundi, lakini jina lake lilibandikwa hatimaye, yuko Australia.

Na ndugu yangu amefanya lake. Juu ya kibanda chake cha kuchajia simu, mbele ya nyumba yetu, amebandika kibao cha buluu: HAPA NDIPO LOPEZ LOMONG ALIPOTAZAMA OLIMPIKI 2000. Televisheni ya Apa ameitoa chini ya kitanda cha mama na kuiweka dirishani. Kitufe cha stesheni hakipo, pameziba kwa nyumba ya nyigu. Mama anakaa kando yake kwenye kigoda, na mgeni akisimama anamwonyesha mahali mtungi ulipokuwa.

Nimemwambia ndugu yangu si kweli. "Mwalimu," akasema, na huniita hivyo akitaka nikasirike, "wewe ndiye uliyekuwa mlangoni. Ulimwona hakuingia?"

Nilikosa la kujibu. Nikachukua pikipiki yake nikaenda hadi soko la Kakuma 1, nikasoma mita, nikarudi nikasoma tena. Kutoka sokoni hadi mlangoni kwetu ni kilomita 2.4. Kibao hakijashushwa.